Paka wa Hasi Kumi na Mbili

Mambo yangu yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa mwezi wa sita, saa nne na robo asubuhi. Kabla ya hapo yalikuwa yameharibika nusu tu, na nusu mtu unaweza kuishi nayo.

Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwamba naogopa. Kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa maombolezo ya mkurugenzi, ambaye hajafa bado, ila anaumwa sana na watumishi wameona waanze mapema. Niseme tu kwamba ni nchi nzuri, ina amani, na viongozi wake wanatupenda kuliko tunavyostahili. Hayo yameandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi, sikuyatunga mimi. Mimi ni fundi viatu. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mahali, wakubwa wanisamehe kama tulivyozoea kuwasamehe wao.

Mwaka juzi Serikali iligundua kwamba shida zetu zote zinatokana na kuishi chini. Waziri wa Makazi ya Juu, Mheshimiwa Balthazari Mgoloka, alitueleza kwenye redio.

"Ndugu wananchi," alisema, "matope yako wapi? Chini! Nzi yuko wapi? Chini! Nyoka, mafuriko, majirani wabaya, vyote viko wapi? Chini! Sasa najiuliza, mwananchi anang'ang'ania nini huko chini?"

Tukajiona wajinga kweli. Watu wakauza nyumba zao wakanunua fleti kwenye maghorofa ya Serikali. Walionunua zile nyumba zetu za chini ni wao wenyewe waliotushauri. Walisema wanajitolea kubaki na matope kwa niaba yetu.

Mimi nisingeuza. Lakini mke wangu, Asumini, alikuwa amefariki miezi tisa nyuma, na ile nyumba kila nikigeuka namwona. Naingia jikoni, yuko. Natoka uani, yuko, anapepeta mchele. Alifia kwenye benchi la hospitali kubwa ya mjini, ile iliyozinduliwa mara tatu. Wasiseme dawa haikuwepo. Dawa ilikuwepo kabatini, tuliiona kupitia kioo, ila mwenye ufunguo alikuwa amekwenda semina ya utunzaji wa funguo. Asumini akaniangalia, akaniambia, "Baba Zaina, Kidawa usimtupe." Hakusema tena.

Kidawa ni paka.

Sasa mtu asinielewe vibaya. Mimi huyo paka simpendi kivile. Ni wa kijivu, mguu mmoja mweupe kama amekanyaga chokaa, dagaa hali mpaka umtoe kichwa, na ananikojolea viatu vya wateja. Lakini kauli ya mwisho ya mtu huwezi kuichagulia. Angesema "usilitupe kabati" ningebeba kabati. Nikamtia Kidawa kwenye kikapu, nikafunika kwa khanga ya marehemu, nikaenda kuchukua ufunguo wa fleti yangu, ghorofa ya tano, jengo linaloitwa Mnara wa Heshima.

Msimamizi wa jengo ni Bwana Kassian Lutambi. Umri wake sawa na mwanangu wa mwisho, na yeye ndiye alistahili kuniamkia, lakini ofisini kwetu shikamoo inafuata kiti. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mzee. Kwenye kikapu kuna nini?"

"Paka."

Akavua miwani. "Paka? Mzee Kibwana, wewe mkataba uliusoma?"

"Sikupewa kuusoma, mheshimiwa. Nilipewa kusaini."

"Ndivyo utaratibu ulivyo. Mtu akisoma kwanza anasaini kwa upendeleo. Lakini baada ya kusaini ulitakiwa uombe kusoma."

"Niliomba. Mliniambia kurasa za mbele bado ziko kwa mpiga chapa."

"Zimerudi," akasema, akafurahi mpaka akasimama. Akatoa kabatini kitabu kinene kama tofali, jalada lake lina nembo ya taifa na picha ya kuku aliyefutwa kwa alama ya mkasi. Kinaitwa Kanuni za Viumbe Wasio Wanunuzi. Akanisomea kwa sauti ya hotuba.

"Kanuni ya kwanza. Mnyama haruhusiwi. Kanuni ya pili. Mnyama anaruhusiwa, endapo atatimiza kanuni zinazofuata. Kanuni ya tatu. Mnyama asiwe na maoni. Hapo sina wasiwasi. Kanuni ya nne, asipande lifti isipokuwa amefuatana na mtu mzima. Kanuni ya tano, imefutwa. Ya sita, inakataza kuuliza ya tano. Kanuni ya saba, hapa ndipo penyewe, mnyama asizidi kilo nne."

"Huyu nadhani hazidi."

"Wewe unadhani, Serikali inapima. Nenda Idara ya Mizani ukalete cheti. Cheti kikija na ufunguo unakuja. Kisipokuja, mzee, chagua: paka au fleti. Na nyumba yako ya zamani nasikia tayari ina mwenyewe."

"Ina mwenyewe, ndiyo. Nasikia ni shemeji yako."

"Mzee, foleni ya mizani ni ndefu. Wahi."

Idara ya Mizani wana mizani moja, lakini ni mizani hasa. Ilinunuliwa kwa ajili ya kupimia marobota ya pamba, na tangu pamba ikome wanaitumia kupimia chochote kinachotakiwa na sheria. Ilizinduliwa na Mkuu wa Nchi mwenyewe, na kwa ajili ya heshima hiyo haisomi kitu chini ya kilo hamsini. Ukiiwekea kuku, mshale hausogei hata nywele.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa mama mmoja mnene wa maneno, Bi Mwanaidi, muuza vitumbua, amembeba sungura.

"Kaka yangu, wewe wa kilo nne?" akaniuliza.

"Wa kilo nne."

"Mimi pia. Mwezi uliopita walimpima huyu wakasema kilo tisa. Sungura! Nikawaambia, jamani, kilo tisa si sungura, huyo ni mtoto wa mtu. Wakaniambia hiyo ni lugha ya uchochezi."

Karani wa mizani ni binti mmoja, Skola, mpole, ana kikokotoo kimefungwa kamba mezani kisiibwe. Akaniita.

"Panda, baba. Na paka wako mkononi."

Nikapanda. Mshale ukazunguka, ukatetemeka, ukasimama.

"Sitini na sita. Naomba kitambulisho."

Nikampa, nikataka kushuka ili anipime peke yangu apate tofauti. Akacheka.

"Wewe huna haja ya kupimwa, baba. Ulishapimwa na Serikali. Uzito wako upo hapa kwenye kitambulisho."

Na kweli upo. Kwetu kitambulisho cha taifa kina jina, kabila la mama, namba ya viatu na uzito. Changu kilitolewa miaka sita nyuma. Sabini na nane.

Binti akapiga kikokotoo. Akaangalia. Akakifuta, akapiga tena. Akakitikisa, akapiga mara ya tatu.

"Sitini na sita, toa sabini na nane..." Akanong'ona. "Baba, paka wako ni hasi kumi na mbili."

"Hasi ndiyo nini, mwanangu? Mimi niliishia la nne."

Akafikiri kidogo. "Hasi ni pale kitu kinapokuwa hakipo, halafu kinazidi kutokuwepo."

Nikamwangalia Kidawa. Alikuwa anajilamba mguu mweupe.

"Mwanangu, huyu yupo."

"Namwona, baba. Lakini mimi kuona siruhusiwi kuandika. Naandika hesabu."

Akagonga mhuri, saa nne na robo ile ya Jumanne. Bi Mwanaidi akachungulia cheti juu ya bega langu, akapiga kelele idara nzima wakageuka: "Mmesikia? Wa kwangu amezidi, wa mwenzangu amepungua mpaka chini ya ardhi! Hii mizani ina wapenzi wake!"

Niliporudi na cheti, Bwana Lutambi alikisoma akiwa amesimama, akakaa, akasimama tena. Akaita kamati. Kamati ikaja na chai.

Mjumbe wa kwanza akasema hasi kumi na mbili haizidi nne, kwa hiyo paka aingie. Nikasema asante. Mjumbe wa pili, mhandisi, akasema subiri kwanza. Jengo limejengwa kwa hesabu ya uzito. Ukiingiza kitu cha kupunguza uzito, je, jengo si litapungua? Wakamwuliza litapungua kivipi. Akasema hajui, lakini kwenye mkutano mwingine kama huu aliwahi kukaa kimya na jengo likaanguka, kwa hiyo safari hii ameona bora aseme.

Mjumbe wa tatu hakuwa na neno, alikuja kwa chai.

Bwana Lutambi ndiye aliyepata akili. Niliiona inamwingia, macho yakamng'aa. Akashika simu, akampigia Mheshimiwa Waziri mwenyewe.

"Mheshimiwa, shikamoo. Mheshimiwa, sheria inaturuhusu ghorofa nane tu kwa sababu ya uzito, siyo? Sasa tumempata paka ambaye anapunguza. Ndiyo, anapunguza. Kumi na mbili, ana cheti. Nimepiga hesabu, Mheshimiwa, tukipata paka kama huyo kwenye kila fleti, tunaongeza ghorofa mbili juu na uzito wa jengo unabaki uleule."

Simu ikawa inacheka kwa furaha. Hata mimi niliisikia.

Kesho yake redio ilitangaza kwamba nchi yetu imekuwa ya kwanza duniani kupata mnyama wa hasi, na kwamba hayo ni matunda ya uongozi. Mheshimiwa Mgoloka alitoa hotuba ya saa nzima. Alisema mataifa makubwa yametumia miaka mingi kutafuta namna ya kupunguza uzito wa vitu, kumbe jibu lilikuwa limelala jikoni kwa mwananchi wa kawaida, likila dagaa. Akasema paka huyo kuanzia sasa ni rasilimali ya taifa. Atahamishiwa taasisi maalumu, atazalishwa, na watoto wake watagawiwa majengo yote ya Serikali.

Kidawa ana miaka kumi na moja. Taasisi yenyewe nilikuwa naijua: ni banda lililokuwa la mbwa wa polisi.

Hapo ndipo nikavunja ukimya. Nilikwenda kwa Bwana Lutambi nikiwa nimekumbatia kikapu.

"Mheshimiwa, huyu paka si hasi. Mimi ndiye nimekonda."

"Umekonda?"

"Niangalie suruali. Nimefunga kwa kamba ya viatu. Mke wangu alipokuwepo nilikuwa sabini na nane, kweli kabisa. Alikuwa anapika. Sasa nakula mkate na chai, siku nyingine chai. Mkinipima peke yangu leo mtaona. Paka ni kilo nne kasoro, mkono wangu unajua."

Akanihurumia, nasema ukweli. Akanisogezea kiti.

"Mzee Kibwana, unachosema ni kizito. Unasema kitambulisho cha taifa kinadanganya?"

"Sisemi kinadanganya. Nasema kimepitwa."

"Kupitwa kupo. Ipo fomu. Fomu ya Marekebisho ya Uzito wa Raia. Jaza jina, jaza sababu, halafu hapa chini asaini aliyesaini mara ya kwanza."

Nikaikumbuka ile siku. Kwetu uzito wa mtu huthibitishwa na anayempikia, kwa kuwa ndiye anajua kinachoingia. Miaka sita nyuma Asumini alikwenda na mimi mpaka kwa mtendaji wa kata, amevaa gauni la sikukuu, akaandika jina lake pole pole, akauliza na nyama nazo zihesabiwe au mifupa tu. Watu walicheka sana.

"Aliyesaini ni marehemu," nikasema.

"Pole sana. Basi aje mwenyewe."

"Mheshimiwa, marehemu."

"Nimekusikia, mzee. Asipoweza kuja, aandike barua ya kumkaimisha mtu mwingine kukupikia. Huyo anayekaimu ndiye atasaini. Lakini barua iwe na mwandiko wake."

Nilimtazama usoni nione kama ananichezea. Hakuwa ananichezea. Alikuwa anasoma kwenye kitabu.

"Na kama hakuna barua?"

"Basi kwa mujibu wa kumbukumbu zetu mke wako bado anakupikia, na wewe bado ni sabini na nane." Akafunga kitabu. "Wewe si unataka kuishi na huyo paka? Mimi nataka kukusaidia. Ijumaa Mheshimiwa anakuja kumpokea paka mbele ya waandishi. Ukimkabidhi kwa amani, ufunguo huu hapa, na fleti tunakupandisha ghorofa ya saba. Usipomkabidhi, umezuia maendeleo, na fleti inarudi serikalini. Yaani ulale wapi, mzee wangu? Kibandani na viatu vya watu?"

Nikabeba kikapu nikatoka. Siku tatu zote nilikuwa nalala hukohuko kibandani na viatu vya watu.

Ijumaa walifunga turubai mbele ya Idara ya Mizani. Ngoma ikawepo, wanafunzi wakaletwa wasimame juani, na bendera zikawekwa mpaka kwenye kikokotoo cha Skola. Bi Mwanaidi alikuja na sungura wake, akasimama karibu nami.

"Utampa?" akaniuliza.

"Nitampa wapi. Nitasema mbele ya watu."

"Utasema nini, kaka yangu? Hawa wakisema jua limezama unawasha taa."

Mheshimiwa Mgoloka akashuka garini. Kushuka kwenyewe kulichukua muda, maana walisaidiana. Mwanzoni alipogombea, picha zake zilikuwa zimebandikwa kwenye kila nguzo, kijana mwembamba, shingo kama ya korongo, anasema yeye ni mtu wa watu na analala njaa kama sisi. Nilimpigia kura kwa ile shingo. Siku hiyo shingo sikuiona.

"Ndugu zangu," akaanza, "historia haina miguu, lakini leo imefika." Wakapiga makofi. "Baadhi ya watu wenye wivu wamesema paka wa hasi hawezekani. Wanasema ni mzee mmoja amekonda. Nauliza, katika nchi hii mtu anakondaje? Kwa chakula kipi kilichokosekana?" Makofi. "Mimi ni mtu wa vitendo. Nitampima paka huyu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, mbele yenu, ili dunia ione!"

Askari wawili wakachukua kikapu mikononi mwangu. Nilikishika, wakavuta, nikaachia nikiogopa wasimwumize. Mheshimiwa akamtoa Kidawa, akamnyanyua juu kwa ajili ya wapiga picha, akapanda mizani.

Mshale ukaondoka kwa kasi ambayo sijapata kuiona. Ulipita mahali pangu bila kusalimia.

"Soma, binti!" Mheshimiwa akaamuru, anatabasamu kwa kamera.

Skola akasoma. "Mia moja ishirini na tatu."

"Endelea na utaratibu. Toa kitambulisho changu. Tusipendelee mtu."

Msaidizi akamkabidhi Skola kitambulisho. Binti akakiangalia, nikaona anameza mate. Kilitolewa mwaka ule wa kugombea.

"Kinasema sitini na mbili, Mheshimiwa."

"Vizuri. Piga hesabu, tangaza kwa sauti."

Akapiga. Mara hii hakurudia.

"Mia moja ishirini na tatu, toa sitini na mbili. Paka..." Akanitazama mimi, akatazama mshale, akatazama kipaza sauti. "Paka ana kilo sitini na moja."

Nimehudhuria misiba mingi. Sijasikia kimya cha namna ile. Ngoma ilinyamaza. Kamati ilinyamaza. Kidawa peke yake ndiye aliyelia, akitaka ateremshwe.

Halafu Bi Mwanaidi, sauti yake ile ile ya foleni: "Jamani! Juzi hasi, leo sitini na moja! Na dagaa hajala!"

Mwanafunzi mmoja akacheka. Wakacheka wawili. Kicheko kikapita turubai lote kama moto kwenye nyasi kavu, mpaka askari walioninyang'anya kikapu nikawaona wanauma midomo. Mheshimiwa alikuwa bado juu ya mizani. Aligundua kwamba akiendelea kusimama pale mshale utaendelea kuonekana, na akishuka lazima ashikwe mkono.

Bwana Lutambi alifungua kitabu mbio mbio, jasho linamtoka.

"Kanuni ya kumi na nane!" akapaza sauti. "Mnyama wa kilo hamsini na kuendelea ni mnyama mkali! Haruhusiwi kwenye jengo, taasisi wala hafla yoyote ya Serikali! Mwenyewe amwondoe mara moja! Mtoe huyo paka hapa, mzee, mtoe!"

Sikungoja kuambiwa mara ya pili. Nilimchukua Kidawa mikononi mwa Mheshimiwa, na nilipomchukua nilisema, "Samahani," maana nililelewa vizuri. Nikamtia kikapuni, nikamfunika kwa khanga, tukaondoka. Nyuma yangu nilisikia redio ikikatwa na kuwekwa taarabu.

Fleti wameizuia. Skola amehamishiwa wilaya ambayo bado haijaanzishwa. Mimi na Kidawa tunalala kibandani, na viatu vya wateja navitundika juu sana. Bi Mwanaidi analeta vitumbua asubuhi, anasema si kwamba ananipikia, asije akaitwa kusaini fomu.

Mwezi uliopita ilikuja barua yenye mhuri wa Idara ya Mizani. Wanasema wamefanya uchunguzi, wameridhika kwamba mizani haina kosa wala kitambulisho hakina kosa, kwa hiyo kuna kilo kumi na mbili za raia zilizopotea zikiwa chini ya uangalizi wangu. Natakiwa nieleze kwa maandishi zilikwenda wapi, ndipo suala la ufunguo lifikiriwe.

Nimewajibu. Nimeandika kwa mkono wangu, bila msaada wa mtu, na makosa yaliyomo ni yangu. Nimewaeleza kwamba kilo zangu ziliondoka kidogo kidogo tangu siku ya lile benchi la hospitali, sahani kwa sahani, na kama wanataka ushahidi waje waangalie jiko langu, halijawashwa. Barua nimeipeleka mara tatu. Mara tatu imerudi bila kugeuzwa upande wa pili, ambako kuna mstari mmoja tu, nao nauandika hapa ili asiyeogopa ausome: mimi zangu kumi na mbili nimeeleza zilikokwenda, zile sitini na moja za Mheshimiwa, zilitoka kwa nani?